Ufunguo wa Dawa ya Maji

*Jumatano ya Majivu, 1 Machi 1995*

Daftari hili Sista Marcelina alitaka kulitupa kwa sababu panya wamekula pembe moja. Mimi karatasi safi situpi. Jina langu ni Pelagia, mjane wa Bernado, mgawa dawa wa zahanati ya misheni huku kati ya Mugango na Nyegina. Niko kwenye dirisha la dawa mwaka wa kumi na tisa. Daktari hatuna. Tuna Sista, ambaye ni nesi na ndiye mkuu wetu, tuna mimi, na tuna Keraryo, mlinzi ambaye pia hufagia na kuchemsha maji. Atakayeliokota daftari hili ajue anasoma habari za nani.

Mvua bado. Majivu yamenikaa kwenye paji la uso mpaka jioni na wagonjwa wote walikuwa nayo.

*Ijumaa, 3 Machi*

Orodha ya serikali imefika. Sista ameisoma mara mbili na kununa, mimi nimeisoma mara moja na kufurahi.

Jambo lenyewe ni hili. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito hawalipi dawa. Misheni inanunua, sisi tunawapa, kisha halmashauri inaturudishia tulichotumia. Sasa serikali imechoka kurudisha kila bei inayoandikwa na wenye maduka, kwa hiyo kila dawa imewekewa kikomo. Ukinunua ndani ya kikomo unarudishiwa yote. Ukizidisha, kilichozidi ni juu yako.

Mimi naona ni akili. Tangu biashara ifunguliwe, Musoma mjini kila mwenye mlango anauza dawa. Kidonge cha kwenye kopo na kidonge cha kwenye boksi lenye picha ya mtoto mnene ni kilekile, ila cha boksi ni bei mara tatu. Sista hupenda boksi. Nilimwambia, "Sista, mgonjwa hamezi boksi." Akaniambia niende nikapange makopo yangu. Nilikwenda nikayapanga, na yalipendeza.

Aliyezunguka zahanati zote mwezi wa kwanza kuandika dawa tunazotumia, ili ofisi ipange vikomo, ni Florian, karani wa afya wa wilaya. Huyo ndiye mume wa binti yangu Hyasinta. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawaingii chumba kimoja, wala hawatajani majina, mpaka mkwe atoe mbuzi wa kuondoa haya. Basi siku ile Florian alisimama nje kwenye ua wa minyaa na kalamu yake, akamtuma Keraryo aingie amsomee kwa sauti majina ya dawa zilizo kwenye rafu. Mimi nilijibanza stoo, nimeziba mdomo kwa khanga nisikohoe. Saa nzima! Majirani walinisifu kwa adabu yangu, na mimi nilijisifu zaidi yao.

*Jumatatu, 6 Machi*

Joto. Wagonjwa kumi na wawili.

*Jumanne, 14 Machi*

Mvua imeshuka tangu alfajiri. Ziwa limebadilika rangi. Wanawake wamekimbilia kwenye mihogo, na mimi nimekinga maji mapipa mawili.

*Jumatatu, 20 Machi*

Mvua. Watoto tisa, saba wana kikohozi.

*Alhamisi, 23 Machi*

Mvua tena. Nimewaambia akina mama waliojaa barazani kwamba vidonge vyeupe visivyo na picha ni dawa kamili. Nyangi, mke wa Alfonce mvuvi, alinicheka. "Mama Hyasinta, hiyo chaki yako itatibu nani?" Nikamwuliza, "Mwaka jana malaria ulipona kwa chaki ya nani?" Wakacheka wote, naye akacheka zaidi yao. Nyangi ni mtu wa Butiama, ameolewa huku mwaka juzi, ana mdomo na ana binti wa miezi minane, Wankyo, aliyejaa mikunjo mapajani. Nampenda mtoto yule.

*Ijumaa, 31 Machi*

Tumefunga mwezi. Sista anasema tangu aanze kazi hatujatumia fedha kidogo hivi kwa wagonjwa wengi hivi. Hakusema ni kwa sababu yangu, lakini alinimiminia chai mwenyewe. Nilikunywa taratibu ili anione.

*Jumatano, 12 Aprili*

Karatasi zetu zimerudi kutoka wilayani zimechorwa wino mwekundu.

Vidonge vyote wamevikubali. Dawa ya maji wameikataa. Kotrimoksazoli ya watoto, ile ya chupa tunayowapa wenye kichomi, wameirudishia bei ya nusu kidonge tu. Nusu kidonge! Nikaipekua orodha tena. Kweli, kwenye mstari wa mtoto wameandika "kidonge, nusu", na dawa ya chupa haipo mahali popote. Niliisoma Machi nikiwa na furaha, na mtu mwenye furaha haoni.

Sista alisema zahanati za serikali hupata maboksi ya dawa yenye vidonge tu, kwa hiyo huko Florian asingeiona chupa. Lakini kwetu ipo. Mbona hakuiandika? Nikasema kwa sauti, mbele ya Keraryo, kwamba binti yangu ameolewa na mtu asiyejua kazi. Keraryo aliinama akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

*Jumapili ya Pasaka, 16 Aprili*

Baada ya misa kamati ya parokia ilikaa. Misheni haiwezi kubeba chupa ambazo hazirudishiwi. Kuanzia kesho watoto wote wapewe vidonge vya kusaga. Chupa kumi na nane zilizobaki zikae kabatini ziuzwe kwa wenye kulipa, na zikiisha hakuna kununua tena. Ufunguo wa kabati umebaki kwangu, lakini niliambiwa nisifungue bila neno la Sista.

Nilikula wali wa sikukuu bila kuusikia ladha.

*Alhamisi, 20 Aprili*

Mvua. Nasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko, nafunga kwenye karatasi, nawafundisha akina mama kuchanganya na uji. Watoto wakubwa wanameza huku wanalia. Wadogo wanatema.

*Jumamosi, 22 Aprili*

Kutema. Uji kwenye khanga za mama zao, dawa ndani ya uji.

*Jumanne, 25 Aprili*

Mvua haikukatika siku tatu. Nyangi alimleta Wankyo, anakohoa, ana homa. Nikampa karatasi sita za unga. Aliziangalia, akaniangalia. "Ile ya chupa imekwisha?" Nikamjibu utaratibu umebadilika. Sikumwambia kwamba haijaisha. Naandika hapa kwamba nilimdanganya kwa kunyamaza.

*Alhamisi, 27 Aprili*

Nimechoka, lakini lazima niandike yote.

Saa mbili asubuhi Nyangi aliingia mbio, miguu tope mpaka magotini, mtoto kamfunika kwa mfuko wa nailoni. Hakupanga foleni na hakuna aliyemzuia. Akamlaza Wankyo juu ya meza yangu ya dawa, palepale kwenye makopo. Mtoto anahema mpaka mbavu zinaingia ndani. Pua zinapanuka. Ile mikunjo ya mapajani imelegea.

"Anatapikaga yote," Nyangi alisema. "Nikimpa, anatapika. Nikimpa tena, anatapika. Mama, mimi nimesaga, nimekoroga, nimembana pua kama ulivyosema. Haikai."

Sista alikuwa Nyegina kwa wagonjwa wengine, na mto umejaa, asingerudi kabla ya mchana. Kumpeleka mtoto Musoma hospitali gari hakuna. Nilisimama mbele ya kabati. Ufunguo umo kiunoni mwangu, nimeufunga kwa kamba ya kiatu cha marehemu Bernado. Neno la Sista sina. Nikafungua.

Nilitikisa chupa, nikamimina kijiko, nikamtia kidogo kidogo pembeni mwa ulimi. Dawa ya maji ina utamu. Mtoto alilamba. Nyangi alipoona analamba akaanza kulia, na mimi nikamkaripia asinitingishie meza, maana nami nilikuwa karibu kulia. Tulimkalisha wima mpaka saa sita. Alitapika? Hakutapika. Keraryo alikuwa anachungulia kila mara na kuuliza, "Imekaa?" Nami nasema, "Imekaa."

Sista alirudi saa tisa amelowa. Alitazama mtoto, akatazama kabati. Nikasema, "Nimefungua mimi." Akasema, "Naona." Kisha akakaa, akampima mtoto pumzi kwa saa yake, akaniambia nimpe kijiko cha jioni.

*Ijumaa, 28 Aprili*

Wankyo ananyonya.

*Jumatatu, 1 Mei*

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimefanya kazi. Watoto wanne wenye kichomi, wote nimewapa chupa, na Sista aligeuza uso dirishani akahesabu kuku wa misheni. Nilikuwa namwona mwanamke wa maboksi tu, na nilikosea.

*Alhamisi, 11 Mei*

Kamati imejua. Mzee Wenceslaus, mwenyekiti, alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Anasema hana ugomvi na mimi, lakini misheni ikiendelea kutoa isichorudishiwa, dirisha la watoto litafungwa kabisa, vidonge na chupa pamoja. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama halmashauri iikubali dawa ya maji, ama chupa zitolewe kabatini na ufunguo nimkabidhi.

Zimebaki tisa.

*Jumatano, 17 Mei*

Florian amekuja kukagua.

Nilisikia pikipiki, nikaingia stoo kama kawaida. Akasimama kwenye minyaa, mvua inamnyeshea kwenye koti la plastiki. Safari hii sikuvumilia. Nilimtuma Keraryo: mwulize kwa nini hakuandika dawa ya maji. Keraryo akaenda, akarudi.

"Anasema, mwambie mama, mimi niliandika kile kilisomwa."

"Mwambie hivi kazi yake ni kuandika au kusikiliza?"

Akaenda. Akarudi.

"Anasema, mwambie mama shikamoo."

Nikapandwa na hasira hata nikapiga teke debe la dawa ya kuoshea. Kumbe alikuwa ananisalimia kwa heshima tu, masikini, hana jingine la kusema. Florian aliondoka. Nikatoka stoo nikaanza kumsema. Karani gani anakagua dawa kutoka kwenye ua? Keraryo alisimama na ufagio wake mpaka nikamaliza.

"Mama," akasema, "usikasirike. Mimi ndiye nilisoma siku ile. Nilisoma makopo yote. Kabati lilikuwa limefungwa."

"Si ungefungua?"

"Ufunguo unakuwaga kwako. Na wewe ulikuwa stoo. Nikaita kidogo, ukakaa kimya. Nikajua haya imekushika, nikaacha."

Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nakumbuka kuitwa. Nilisikia jina langu vizuri sana, nikaziba mdomo kwa khanga, nikajiona mwanamke wa heshima kuliko wote pwani hii ya ziwa.

*Alhamisi, 18 Mei*

Sina la kuandika. Nimeona aibu siku nzima.

*Jumapili, 21 Mei*

Nimerudi kusoma nilichoandika tarehe tatu Machi, "majirani walinisifu". Nilitaka kuichana karatasi ile. Nimeiacha.

Nilifikiri Florian ni mwoga na mvivu. Florian alisimama juani saa nzima Januari na kwenye mvua Mei, kwa ajili ya heshima yangu, na hakuniambia kosa ni langu hata aliposukumwa. Hyasinta ameolewa na mtu.

*Jumanne, 23 Mei*

Jumamosi kuna mkutano wa zahanati zote za wilaya, Butiama, kwenye ukumbi wa shule, kuzungumzia vikomo. Florian atakuwa meza ya mbele. Sista alikuwa aende yeye. Leo akasema, "Mama Pelagia, wewe ndiye unayejua dawa. Nenda wewe." Nikamwambia anajua vizuri kwamba mkwe wangu atakuwepo. Akasema anajua. Zimebaki chupa tano.

*Jumamosi, 27 Mei*

Nimerudi usiku huu na naandika nikiwa na viatu, nisije nikasahau neno.

Nilipanda lori la mihogo mpaka Kiabakari, kisha pikapu. Kikapuni nilikuwa na chupa moja, kidonge kimoja na vijiko viwili. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mganga mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti. Kando yangu alikaa Stanislausi, mgawa dawa wa Buswahili, mtu wa maneno. Alipomwona Florian mezani akaninong'oneza, "Leo ama wewe ama yeye atatoka kwa kupitia dirishani." Maana hata Buswahili wanajua kwamba ni mkwe wangu.

Na kweli. Florian aliinua macho, akaniona, akayashusha haraka kama aliyeshika moto. Akaanza kukusanya mafaili. Akamwinamia mwenyekiti, akasimama, akaelekea mlango wa nyuma. Wanawake walijifunika nyuso. Akitoka yule, orodha inatoka naye, na mimi nitazungumza na kiti.

Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, naomba huyo mwenye mafaili akae."

Florian alisimama mlangoni, mgongo kwetu.

Nikamwita. "Florian."

Ukumbi ulisema "Aa!" kwa pamoja. Miaka sita sijawahi kulitamka jina lile, hata kanisani nikimwombea nilikuwa nasema baba wa wajukuu. Nikaendelea, "Rudi ukae, mwanangu. Mbuzi wa kuondoa haya utaniletea baadaye, tena awe mnene." Watu wakacheka, na kicheko kile kilimpa nafasi. Akarudi. Akakaa. Hakunitazama, lakini alifungua faili.

Basi nikasema. Nilisema kikomo ni kitu kizuri na nisingependa kiondolewe. Kabla yake tulikuwa tunanunua picha ya mtoto mnene, sasa tunanunua dawa. Lakini orodha ina kosa. "Na kosa ni letu wawili," nikasema. "Huyu alisimama nje asinione. Mimi nikajificha stoo asinione. Ufunguo wa kabati ulikuwa kiunoni mwangu, nikaitwa, nikanyamaza. Dawa ya maji haikusomwa, kwa hiyo haikuandikwa. Yeye kosa lake ni heshima. Langu ni kujisifu. Na waliotapika ni watoto."

Mwenyekiti alisema kidonge cha kusagwa kina dawa ileile. Nikamjibu ndiyo, ileile kabisa, karibu uonje. Nikasaga palepale kwenye kijiko, nikampelekea. Mkubwa wa watu, hakukataa. Akatia ulimini. Uso ulimkunjamana mpaka miwani ikasogea. Stanislausi akapaza sauti, "Mpeni uji!" Kisha nikampa kijiko cha pili, cha chupa. Akalamba, akanirudishia kijiko kikiwa safi.

Nikasema, "Wewe una meno na una cheo, na bado umekunja uso. Mtoto wa miezi minane anakohoa, hana pumzi ya kumezea. Wekeni kikomo cha chupa. Kiwe cha chupa ya kawaida isiyo na picha. Tukizidisha hapo, msiturudishie hata senti."

Florian ndiye aliyezungumza baada yangu. Alizungumza akiitazama kalamu yake. "Mwenyekiti, mama amesema kweli. Niliandika dawa bila kuiona. Naomba niende tena, niingie ndani, nione kwa macho yangu, nisahihishe."

Mwenyekiti alikubali. Akiona na kusaini, dawa ya maji itaingia kwenye orodha kwa zahanati zote za wilaya. Fedha zilizokatwa nyuma hazitarudishwa, na hilo nilikubali.

Wakati wa chai Stanislausi alinishika mkono akasema yeye huko Buswahili hajawahi kuwa na chupa hata moja, kwa kuwa maboksi ya serikali huja na vidonge tu, na ya kununua aliogopa haitarudishiwa. Sikujua kwamba nilikuwa nasimama hata kwa ajili ya watoto wa Buswahili. Naona fahari. Naandika hivyo bila kuona haya, nimekwisha kuona haya ya kutosha mwezi huu.

*Jumatatu, 29 Mei*

Mzee Wenceslaus ameambiwa. Akasema atangoja saini. Chupa mbili.

*Alhamisi, 1 Juni*

Mvua imepungua. Florian hajaja. Chupa moja.

*Jumamosi, 3 Juni*

Nyangi alipita na Wankyo mgongoni akanirushia maneno, "Chaki bado unayo?" Nikamwambia ninayo kopo zima. Ananiambia Butiama kwao wanasimulia kwamba mama mkwe mmoja alimlisha dawa mganga mkuu. Nilimwuliza wanasimulia vizuri? Akasema vizuri mno, wameongeza na kofi.

*Jumanne, 6 Juni*

Jua. Saa nne nilisikia pikipiki, na mlio wa mbuzi nyuma ya pikipiki.

Mbuzi ni mweusi, mnene kweli, amefungwa miguu kwenye kapu. Florian alimkabidhi Keraryo, akavua kofia, akaja mpaka mlangoni. Akasimama kwenye kizingiti. Mimi nilikuwa dirishani pangu. Miguu yangu ilishataka kwenda stoo yenyewe, nikaibana chini ya meza.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu."

Akaingia. Ni mfupi kuliko nilivyodhani, na ana kovu dogo kidevuni ambalo Hyasinta hakuwahi kunitajia. Nilifungua kamba kiunoni nikamnyooshea ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili.

Alifungua kabati mwenyewe. Ndani kulikuwa na chupa moja imesimama. Aliitoa, akaifuta vumbi kwa kiganja, akasoma kwa sauti jina la dawa, ujazo, na maneno yote madogo ya chini mpaka "tikisa kabla ya kutumia". Akaandika. Akasaini. Nilisimama naye chumba kimoja mpaka akamaliza, kisha nikaichukua ile chupa nikaitikisa, maana barazani mtoto alikuwa anakohoa.